Kiholanzi: haya maneno yaliyogandana unayakata wapi na unakaza wapi?

mtembezi_wa_viungo

Asalaam alaykum wanajukwaa. Mie natembeza watalii, asubuhi Mji Mkongwe, mchana mashamba ya viungo kule Kizimbani, na mwaka huu nimejitia kujifunza Kiholanzi mana Kitaliana kuno kila mtu anacho, mpaka watoto wa Nungwi wanaapia kwa Kitaliana. Kiholanzi ukitupa maneno mawili tu basi mgeni macho yanamtoka, na bakshishi hainuni.

Maneno mafupi sina ugomvi nayo. Handdoek taulo, zwembad bwawa la kuogelea, schildpad kobe, nikiyasema wananielewa hapo hapo. Mtihani ni yale marefu wanayoyagandisha bila ya kuacha nafasi, neno moja kama foleni ya daladala saa ya skuli kutoka, hujui kichwa kiko wapi wala mkia. Wiki iliyopita nimesimama chini ya mkarafuu, nimeshika kishada cha karafuu mkononi, nawaambia watu sita kwa mapozi kabisa "kruidNAgel". Kimya. Wakatazamana. Nikarejea kwa sauti kubwa zaidi kama vile ni viziwi, kimya tena. Mpaka bibi mmoja akaichukua akainusa, "aaah, KRUIDnagel!", na wote wakaitikia kama maamuma. Sasa mie nauliza, kwani nilisema nini? Si ndo hilo hilo?

Alafu juzi ndo nikaumbuka kwelikweli. Hoteli moja ya pwani walinipa karatasi ya huduma zao niwasomee wageni garini, imo "massagebed". Mie nnajua g ya Kiholanzi ni kh, hiyo nshaishika zamani, sisi kh haitupigi chenga, kheri tunasema, sheikh tunasema. Nikasoma kwa kujiamini: MASsa-khe-bed. Gari zima kicheko, dereva akapunguza mwendo akidhani kuna mtu kapaliwa. Kumbe nimewakaribisha kwenye sala ya umati! Na ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mama mmoja akaniuliza kwa adabu zote jee, ajitande mtandio?

Naombeni msaada kwa lugha nyepesi. Neno kama lile unajuaje pa kulikata na pa kukaza? Kuna kanuni au ni kudra tu?

kaiti_paje

Rahisi yakhe. Kaza mwanzo wa neno, kwengine kote pita kama huoni. KRUIDnagel, SLAAPkamer chumba cha kulala, STRANDstoel kiti cha ufukweni. Mie nafundisha kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara baharini, Paje mwaka wa sita huu, hiyo tu ndo inayonibeba na sijaumbuka bado 😂

mtembezi_wa_viungo

Ahsante kaka, lakini mbona jana nimesema SItroengras, yani mchaichai, nimekaza mwanzo kabisaa, na wamenitolea macho vile vile?

kaiti_paje

Hapo sasa sijui. Mchaichai hatuchezi nao baharini

shangazi_wa_utrecht

Mwanangu mtembezi, nimecheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nimekaa Uholanzi miaka kumi na moja, nimerudi nyumbani nina wajukuu, na hilo la kruidNAgel ni kosa letu sote tuliolelewa na Kiswahili, wala usione haya.

Sikiliza. Sisi mkazo tunauhesabu kutoka nyuma, silabi ya pili toka mwisho, basi. Ukiongeza kitu nyuma na mkazo unahama nao, NYUmba, nyuMBAni, huna haja ya kujua neno limetoka wapi wala limeungwa na nini. Mholanzi hahesabu hivo. Yeye kwanza anatizama neno limeungwa wapi, alafu anakwenda kwenye kile kipande cha mwanzo na mkazo anauacha pale pale ulipokuwa wakati kipande kile kilipokuwa kinakaa peke yake, bado hakijaoa. Kipande cha nyuma kinabakia na mkazo mdogo, wa pili, ndo mana ukisikiliza vizuri hakimezwi chote, unakisikia, lakini hakipigi kelele.

Sasa nikwambie kwa nini handdoek na zwembad unayapatia. Sio kwamba unajua, mwanangu, unabahatisha! Neno likiwa na silabi mbili tu, ya pili toka mwisho ndo hiyo hiyo ya mwanzo, kwa hivo mdomo wako unaweka mkazo wa Kiswahili na Mholanzi anausikia kama wa Kiholanzi, nyote mnafurahi kila mtu na lake. SCHILDpad hivo hivo. Likifika silabi tatu ndo mnaachana njia. Kruidnagel lina tatu, wewe umehesabu toka nyuma ukatua kwenye NA, yeye anakungojea kwenye KRUID. Slaapkamer vile vile, sisi mdomo unataka slaapKAmer. Kamersleutel, ufunguo wa chumba, sisi tutasema kamerSLEUtel na wao KAmersleutel. Hebu yajaribu kwa sauti utaona.

Huyo kijana wa Paje kasema kweli nusu. Sio mwanzo wa neno, ni mkazo wa kipande cha mwanzo, na kipande chenyewe pengine kinakazwa mbele, pengine hakikazwi mbele. Citroen ni limau, na peke yake ni siTROEN, hiyo oe ni u yetu ya kawaida, sema siTRUN. Kwa hivo mchaichai ni siTROENgras, majani ya limau. Mdalasini kaneel, kaNEEL, basi kile kijiti chake ni kaNEELstokje. Mbu muskiet, musKIET, chandarua musKIEtennet, ijapokuwa wengi wao chandarua wanaita klamboe, neno walilolichukua kwa Wamalay walipokuwa wametawala Indonesia. Siku ya kuzaliwa verJAARdag, sherehe yake verJAARdagsfeest.

Na hapo kwenye ver nikupe kitu kitakusaidia kuliko vyote. Kuna e ya Kiholanzi inayosemwa kwa uvivu, mdomo nusu wazi, sisi Kiswahili hatuna e ya namna hiyo. Iko kwenye ver-, be- na ge- za mbele ya neno, na kwenye -el, -er, -en za mwisho. E hiyo haikazwi. Sisi tatizo letu kila vokali tunaipa haki yake sawasawa kama tunagawa sadaka, basi tunasema na-KHELI na yeye kazowea NA-khl, ile e ishakufa njiani.

Massagebed sasa. Massage neno la Kifaransa, g yake sio kh kabisa, ni ile sauti laini kama jim ya Waarabu wa Lebanoni kwenye nyimbo zao. Mkazo maSA. Ukiunga na bed, kitanda, unapata maSAgebed, kitanda cha kukandwa. Lakini ukikata mapema, massa upande huu na gebed upande ule, umati na sala, hapo mkazo unarudi MAS na g inakuwa kh. Herufi kumi zile zile, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Hata wao wenyewe wanalifanyia mzaha neno hili, kwa hivo waliokucheka walikuwa washalijua, hawakukucheka wewe.

Na karafuu usiwape jina tu, wape na maana yake wafurahi. Kruid ni jani la dawa au kiungo, nagel ni ukucha, na zamani msumari pia. Itizame karafuu kavu, si msumari mdogo na kichwa chake?

mpemba_wa_wete

Shangazi kamaliza kazi, mie naongeza vikorombwezo tu.

Msiseme Kiswahili hatuna mambo haya. BaraBAra ya kwenda Chake, na kazi imekwenda baRAbara. WaLAkini kwa maana ya lakini, na mtu mwenye walaKIni. Herufi ni zile zile, umehamisha mkazo umehamisha maana. Ni machache na mengi ya kuazima, lakini yapo, kwa hivo sikio tunalo tayari. Wao wanalo moja zuri, VOORnaam ni jina lako la kwanza, lile la kujaza kwenye fomu, na voorNAAM ni mtu mwenye heshima zake, wa nasaba. Bahati nzuri sisi mdomo unatupeleka kwenye fomu moja kwa moja, hatujifanyi masharifu.

Na hili la kukata, wale tuliopita chuoni mnakumbuka maalimu alivokuwa akitushughulikia kwa kusimama pasipo pake. Unavuta pumzi katikati ya neno, bakora hiyo. Alikuwa akisema ukisimama vibaya umebadilisha maana. Mie niliposoma hilo la massagebed nikamkumbuka yeye moja kwa moja, Mungu amrehemu.

Kitu ambacho shangazi hajakigusa ni kwamba neno lao kichwa kiko nyuma. Sisi tunaanza na kichwa: mwanafunzi, mwana kwanza, na wakiwa wengi tunabadilisha mbele, wanafunzi. Wao mwenye neno ni wa mwisho. Kruidnagel ni aina ya nagel, sio aina ya kruid. Na vile vijineno vyao de na het, vinavyokaa mbele ya kila jina, vinafuata cha mwisho pia, huis, nyumba, ni het, basi hospitali, nyumba ya wagonjwa, ni het ziekenhuis, hata kama ndani kuna wagonjwa mia. Pad kuna mbili: de pad ni chura, het pad ni njia. Njia ya mchanga ni het zandpad. Kobe ni DE schildpad, kwa sababu ni chura, chura mwenye ngao! Wallahi kobe wa watu miaka yote hii anaitwa chura na hana pa kushtakia.

Kwa hivo sauti inaegemea mbele na maana inaegemea nyuma. Mie hilo lilinichukua muda, nilikuwa nasikiliza neno la mwanzo kwa vile ndo linalopigwa kelele, nafikiri ndo lenye mambo, mgeni anasema STRANDstoel mie naelekea ufukweni, kumbe kataka kiti.

kahawa_jaws

Samahanini mie nauliza, Kiholanzi ndo Kidachi? Mana babu yangu wa Tanga alikuwa kila siku "wakati wa Mdachi, wakati wa Mdachi"

mpemba_wa_wete

La ami. Mdachi wa babu yako ni Mjerumani, jina limetokana na vile wanavyojiita wenyewe, Deutsch. Ndo mana wa Uholanzi tunawaita Waholanzi, ukisema Kidachi wazee watakuletea hadithi za Majimaji.

msomi_wa_antwerpen

Uzi mzuri. Niko Ubelgiji masomoni, huku Flanders wanasema Kiholanzi hicho hicho kwa lafudhi yao, na mie ndo mleta habari mbaya: hiyo kanuni ina waasi wake, na waasi wenyewe wanakaa serikalini. Ukumbi wa mji ni stadHUIS, nyuma. Meya ni burgeMEESter. Mwaka mpya ni nieuwJAAR, chuo cha ufundi hogeSCHOOL. Nimekwenda stadhuis kujiandikisha wiki ya kwanza, nishasoma kanuni, nikamuuliza mtu njia ya kwenda STADhuis kwa kujiamini, akanielewa lakini akalirudia kwa mkazo wake pole pole kama ananifundisha kutembea. Ona na hapa hesabu ya shangazi inageuka, neno la silabi mbili lililokuwa linatuokoa ndo linatuangusha.

Majina ya miji nayo. Amsterdam na Rotterdam ni mabwawa kwenye mito ya Amstel na Rotte, ukifuata kanuni ungesema AMsterdam, lakini wao wanakaza DAM. Pande za dunia pia, noordOOST, zuidOOST, kaiti_paje hii yako, kaskazi inapovuma waambie wageni noordOOST.

Na mtembezi, hili litakufika shambani: kungumanga. Wana majina mawili kwa kitu kimoja. Muskaatnoot inafuata kanuni, musKAATnoot. Ile nyingine wameigeuza, nootmuskaat, na mkazo wake uko mwisho kabisa, nootmusKAAT. Njia ya mkato ni kuwa kwenye yote mawili unapiga KAAT, huwezi kukosea.

Kuhusu kukata, tenganisha kukata kwa karatasi na kukata kwa mdomo. Kwenye karatasi, mstari ukiisha, kwanza unakata kwenye kiungo, alafu ndo unaingia ndani ya kila kipande: konsonanti moja inakwenda na inayofuata, ka-mer, mbili zinagawana, pan-nen. Chakula cha jioni avondeten ni avond na eten, kwa hivo d inabaki na ndugu zake, avond-eten, ukiandika avon-deten umeharibu. Ile s ya kuungia inabaki na kipande cha mbele, verjaardags-feest. Lakini mdomo una mambo yake. Kiazi ulaya aardappel, yani tufaha la ardhini, karatasi inasema aard-ap-pel, mdomo unasema aar-dap-pel, neno limezeeka mpaka watu wameshasahau kama limeungwa. Ukitaka uhakika wa pa kukata kuna Groene Boekje, kile kitabu cha kijani cha tahajia yao, kimeanza 1954 na siku hizi kipo bure mtandaoni, kila neno limetiwa vituo vya kukatia.

Kuna kituko kingine bado. Nyanya ndogo zile za duara zinaitwa kerstomaatjes, kers na tomaatjes, kers ni tunda la cheri. Ukikata baada ya t unapata kerst na omaatjes, yani vibibi vya Krismasi. Na huyo omaatje, bibi kidogo, akikatwa mwisho wa mstari anapoteza a moja, anakuwa oma-tje, mana ile a ya pili iliwekwa tu kusaidia wakati neno limeshikana.

shangazi_wa_utrecht

Usimtishe mtoto na mameya. Wageni wa Kizimbani wanatafuta stadhuis ya nini. Ajifunze kuunga kwanza, waasi watamjia mmoja mmoja na kila mmoja atamkariri kivyake kama tulivofanya sisi.

msomi_wa_antwerpen

Sawa shangazi, nimekoma 🙏 Lakini moja la mwisho, hili la kazi yake. Mtembezi, kama una tangazo la matembezi angalia neno uitje. Uit-je ni safari ndogo ya kujifurahisha. Ui-tje ni kitunguu kidogo. Hilo hata mkazo haukuokoi, yanasemwa sawasawa.

mtembezi_wa_viungo

Jamani. Jamani!! Tangazo langu la kisiwa cha Changuu lina wiki tatu ukutani pale Forodhani, nimeandika kwa herufi kubwa UITJE na chini yake nimepanga picha, na picha ya kwanza, msinicheke, ni ya chakula cha mchana na kachumbari. Ndo mana yule bwana akasimama akapiga picha tangazo badala ya kupiga simu.

Haya, ripoti. Leo nimepeleka familia moja Changuu, baba, mama na watoto wawili. Njiani kwenye boti nikawa nayaunga kichwani kama shangazi alivosema. Jela ni gevangenis, nimeisikiliza kwenye simu, geVANgenis, ile ge mbele ni ya kimya, kisiwa eiland, basi geVANgeniseiland. Nikawaambia jela ilijengwa miaka ya 1890 na ikaishia kuwa karantini ya wagonjwa, wakanielewa wote, hakuna aliyetazamana na mwenzake. Tulipofika kwa makobe nikasema REUzenschildpad, kobe wakubwa, wanne wa mwanzo wameletwa zawadi kutoka Ushelisheli 1919. Yule mtoto mdogo akarudia neno langu kama nilivolisema! Alafu nikamwambia babake mbona mnamwita chura, akasimama akafikiri, akasema miaka arubaini na tano analisema neno hilo na hajawahi kumuona chura ndani yake. Mpemba wa Wete chai yako ipo.

Sasa wakati wa kurudi baba mtu akataka kunipima, akaniandikia neno moja kwenye simu yangu, anasema lina herufi 49, ni kazi za matayarisho ya maandamano ya kanivali ya watoto. Hili hapa: kindercarnavalsoptochtvoorbereidingswerkzaamheden. Nimelitizama toka magharibi mpaka saa hizi. Nimekata kinder, carnavals, optocht, voorbereidings, werkzaamheden, sijui ndivo?

kaiti_paje

49 😭 hilo likianguka mguuni linavunja

shangazi_wa_utrecht

Umekata sawasawa, na zile s mbili umeziacha mbele kama inavotakiwa. Kaza KIN, mwanangu. Baada ya hapo ni pumzi tu.